Gari lililoungua lina wenyewe

*Hotuba hii ilitolewa mjini Baraka, teritwari ya Fizi, jimbo la Kivu ya Kusini, mbele ya vijana wanaojifunza kupiga picha na kuandika habari za vijiji vyao. Msemaji ni mpiga picha aliyekulia ukimbizini Tanzania. Tumeifupisha kidogo.*

 

Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu. Wengi wenu mnanijua kwa picha za ndoa, za ubatizo na zile ndogo za karatasi za shule. Hizo ndizo zinazonilisha. Lakini kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa pia nikipiga picha za vitu ambavyo hakuna anayenilipa kwa ajili yake: boti zilizooza ufukoni, malori yaliyoungua kando ya barabara, magari yaliyobaki mifupa mitupu. Nikienda Kalemie napiga picha za mabehewa yaliyoota nyasi, kwa sababu huku kwetu hatuna reli. Watoto wa mtaani wameniita Baba Kutu, na jina limeshika.

Leo nitawaeleza kwa nini nafanya kazi hiyo. Nitawaeleza pia kosa kubwa nililofanya, ili ninyi msilifanye. Picha ya gari lililoungua inaweza kusaidia amani hapa Fizi, na inaweza kuiharibu kwa siku moja.

Kwa nini kuna vyuma vingi hivi?

Fizi imepitiwa na vita vingi. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1965, wakati Che Guevara na Wakuba wenzake walipovuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa Aprili kuja kusaidia uasi, wakaondoka Novemba mwaka uleule. Katikati ya miezi hiyo askari wa serikali pamoja na mamluki walitua kwa boti karibu na hapa tulipo wakaiteka Baraka. Kisha vikaja vita vya 1996, na vya 1998. Na tangu 2017 mapigano ya nyanda za juu, upande wa Minembwe, yamewaka upya na kuwafukuza watu wa kila kabila kutoka vijiji vyao. Kila vita viliacha vyuma vyake.

Lakini sikilizeni vizuri: si kila chuma kilichoachwa kimetoka vitani. Barabara ya taifa namba 5, ile inayotoka Uvira kupitia hapa Baraka na Fizi hadi Kalemie, inaua magari yenyewe bila msaada wa bunduki. Mvua ikinyesha, lori linazama katika matope. Ekseli inavunjika. Mwenye lori hana pesa za spea. Wiki ya kwanza anaweka mlinzi. Mwezi wa pili mlinzi amechoka kukaa bila mshahara. Mwezi wa tatu matairi hayapo. Baada ya miaka kumi mpita njia anaona mfupa wa gari na kusema, «Hapa walituua.» Pengine ni kweli. Pengine ni ekseli tu.

Jambo la pili la kujua ni kwamba vyuma hivi havikai. Springi za lori huenda kwa mhunzi, zikawa majembe na mapanga. Aluminiamu ya injini huyeyushwa, ikawa sufuria. Bati la mlango huwa mlango wa banda la kuku. Siku hizi kuna na wanunuzi wa vyuma chakavu wanaokuja na mizani. Sisemi kwamba ni vibaya. Watu wanahitaji majembe. Lakini chuma kikiondoka bila mtu kuuliza habari zake, habari hizo nazo zinaondoka, na kinachobaki ni uvumi. Ndiyo maana napiga picha.

Boti ya Ubwari

Kazi hii nilifundishwa na mvuvi mmoja mzee wa Ubwari. Mnaijua rasi yetu: mkono mrefu wa milima unaoingia ziwani, na ghuba iko upande huu wa Baraka. Upande wa pili, ule unaotazama Tanzania, nilikuta boti kubwa ya mbao imelala ufukoni. Mbao za ubavu zilikuwa zimeanguka, zimebaki zile mbavu za ndani tu. Wavuvi walikuwa wametandaza nyavu zao juu yake. Nilifurahi sana. Nikazunguka, nikapiga picha kumi na tano.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kivuli akishona wavu. Aliniacha nimalize, kisha akaniambia, «Mwanangu, umepiga picha ya mbao. Boti bado hujaiona. Njoo ukae.»

Nikakaa. Akanieleza kwamba boti ile ilikuwa ya kaka yake. Ilipeleka mawese na ndagala Kigoma, ikirudi na chumvi, sabuni na vitenge. Mwaka 1996 vita vilipofika, ilivusha watu waliokuwa wakikimbia. Mwaka 1998 vita vilipogeuka, ilivusha watu wengine waliokuwa wakikimbia. Waliokimbizwa mara ya kwanza na waliokimbizwa mara ya pili hawakuwa watu wa upande mmoja. «Lakini,» alisema, «walikalia ubao uleule, na walitapika katika maji yaleyale.»

Nikamwuliza kama kaka yake aliwavusha bure kwa ajili ya huruma. Mzee akacheka. «Hakuwa malaika. Mwenye pesa alilipa. Asiye na pesa alitoa mbuzi. Asiye na mbuzi alipanda akasema atalipa, na wengine mpaka leo hawajalipa. Lakini hakuna aliyeulizwa kabila.»

Mimi mwenyewe nilivuka ziwa hili mwaka 1998 nikiwa mtoto wa miaka tisa. Sikumbuki boti yetu ilikuwa ya nani. Nakumbuka tu mama alinifunika na kitenge chenye maji na kuniambia nisikohoe. Siku ile, nikiwa nimekaa na mzee yule, ndipo nilipofikiri kwa mara ya kwanza kwamba mtu asiyenijua alikubali kunipakia usiku, na kwamba sijawahi kumshukuru.

Niliporudi safari ya pili nilileta picha moja iliyochapwa kwenye karatasi, nyuma yake nimeandika maneno ya mzee kama alivyoyasema. Aliitundika ukutani. Mnajua jinsi ziwa lilivyopanda miaka ya 2020 na 2021, na tena 2024, likachukua nyumba nyingi za ufukoni. Lilichukua na boti ile. Wajukuu wa mzee wakiuliza, hakuna cha kuonyesha ila picha ile.

Kosa langu

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile nilikuwa mwenye busara. Haikuwa hivyo. Boti niliielewa, lori nikalikosea.

Kwenye njia ya kupanda Fizi palikuwa na lori aina ya Fuso lililoungua. Kichwa chake kilikuwa cheusi, na mti mdogo ulikuwa umeota pale dereva anapokaa. Nilikuwa nimepata simu yenye kamera nzuri. Nikapiga picha jioni, wakati jua linapoangaza kutu mpaka inakuwa kama moto. Kijana mmoja aliyekuwa akipita aliniambia nani waliochoma. Sikumwuliza amejuaje. Nikaituma picha katika kundi la simu la vijana, na chini yake nikaandika kwamba hili ni lori la ndugu zetu lililochomwa na watu fulani. Nikalitaja kabila. Leo sitalitaja, maana kulitaja ndiko kulikokuwa kosa.

Kufikia usiku picha ilikuwa imefika mbali. Watu niliokuwa siwajui waliniandikia kunisifu kwa ushujaa. Siku ya soko iliyofuata, wamama watatu wa kabila lile walizuiwa kuingia sokoni. Mmoja unga wake ulimwagwa chini. Vijana waliofanya hivyo walikuwa na picha yangu mikononi, wakiionyesha. Hakufa mtu. Lakini nilijua kwamba angeweza kufa, na kwamba silaha ingekuwa ni picha yangu.

Siku mbili baadaye mama mmoja alikuja kwangu ninapofanyia kazi. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaniuliza, «Mwanangu, lile lori unalijua ni la nani?»

Nikasema, «Hapana, mama.»

«Lilikuwa la mume wangu. Nyumba yangu ni ya nne kutoka barabarani. Kwa nini hukufika?»

Sikuwa na jibu. Akanieleza. Lori liliharibika kwenye mteremko. Mume wake na msaidizi wake, yule kijana wa kuweka gogo nyuma ya tairi, walilala nalo usiku mbili kulinda mzigo. Usiku wa pili walikuja watu wenye bunduki. Hakuna aliyeziona sura zao mpaka leo. Waliiba, wakawaua wote wawili, wakachoma lori. Mzigo ulikuwa wa wafanyabiashara wa makabila matatu. Na yule kijana wa gogo, aliyekufa pamoja na mume wake, alikuwa wa kabila nililoliandika chini ya picha.

«Angeweza kukimbia,» mama alisema. «Hakumwacha mzee wake. Na wewe umemwandika kuwa mwuaji.»

Kurekebisha

Kwanza niliandika upya katika kundi lilelile, kwa jina langu, kwamba nilikosea, na nikaeleza lipi ninalijua na lipi silijui. Wengine waliniita mwoga. Wengine walisema nimehongwa. Nawaambia ukweli: neno la uongo lilitembea siku moja, la kusahihisha lilitembea mwezi mzima na halikufika kote.

Pili, nilikwenda kwa wamama wale watatu kuomba msamaha nikiwa na chefu, mchungaji na imamu. Nililipa unga.

Tatu, tulimtafuta mama wa yule kijana. Aliishi mbali, juu milimani. Alikuwa amesikia kwamba mwanawe amekufa njiani, lakini hakuna aliyewahi kumwonyesha mahali. Ilichukua miezi mingi mpaka njia ikawa na usalama kidogo. Siku aliyoshuka, yule mjane alimpokea nyumbani kwake, wakaenda pamoja mpaka kwenye lori. Mama yule alishika mlango uliobaki, akasimama muda mrefu. Picha ya wakati ule sikuipiga, kwa sababu haikuwa yangu kuipiga.

Wakati huo mnunuzi wa vyuma alikuwa amekwisha kuja na msumeno wake. Familia mbili zilikaa na chefu wakakubaliana lori liuzwe na pesa zigawanywe nusu kwa nusu. Waliweka sharti moja: rimu moja isiuzwe, iende shule ya msingi iwe kengele. Kabla ya kukata, waliniita nipige picha za kila upande. Nilichapa nne: moja kwa kila familia, moja kwa chefu, moja ninayo. Nyuma yake tuliandika maneno ambayo pande zote mbili ziliyakubali, na hakuna jina la kabila hata moja ndani yake.

Sisemi kwamba rimu moja imeleta amani Fizi. Mnajua wenyewe. Tumesikia risasi tena tangu siku ile. Mwaka 2025 Bukavu ilitekwa, na watu wengi wa jimbo letu wamefunga tena mizigo yao. Nasema tu kwamba familia mbili zilizokuwa na sababu ya kuchukiana zimekuwa na sababu ya kusalimiana. Hicho ndicho nilichokiona.

Meli iliyozamishwa ikainuliwa

Watu huniuliza, «Kwa nini kufukua mambo ya zamani? Acha vyuma vilale.» Huwa nawajibu kwa habari ya meli ambayo wengi wenu mmeiona Kigoma, na wengine mmeipanda.

Nilipokuwa narudi kutoka kambi ya Nyarugusu mwaka 2006, tulikaa Kigoma tukingoja meli ya Mwongozo, ile iliyotuleta hapa Baraka. Mzee mmoja bandarini alinionyesha meli ya Liemba akaniambia, «Ile ilikuwa chini ya maji miaka mingi.» Nilifikiri ananidanganya. Baadaye nilisoma nikaona ni kweli.

Meli ile ilitengenezwa na Wajerumani huko Papenburg mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku, ikaletwa kwa bahari na kwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa tena na kuingia majini mwaka 1915. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanakimbia, waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini mafundi wao waliipaka mitambo grisi nyingi kabla ya kuizamisha, isile kutu. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Meli hiyo ya vita, mwaka 1997 iliwarudisha makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Kigoma kuja upande wetu. Mwaka 2015 ndiyo iliyowatoa Warundi waliokimbilia ufukwe wa Kagunga, ikawapeleka Kigoma.

Mafundi wale walijua kwamba chuma wanachokizamisha leo kitahitajiwa kesho. Kuuliza habari za lori lililoungua na kuziandika kwa uangalifu ni kama grisi ile. Mambo yakitupwa hivihivi, kutu inayala, na wajukuu wetu watainua uvumi peke yake.

Mambo ya kufuata

Ninyi mnaotaka kufanya kazi hii, shikeni haya:

- Omba ruhusa. Anza kwa chefu, kisha kwa mwenye chombo au familia yake. Usipige picha karibu na kambi ya askari, bandari au daraja bila ruhusa ya wakubwa wa mahali pale. Picha moja isikufanye ulale kizuizini.
- Usiingie ndani, usiguse. Katika magari ya vita kunaweza kubaki gruneti au bomu ambalo halikulipuka. Ukiona chuma usichokijua, simama, rudi kwa njia uliyojia, waonye watoto, uwaambie viongozi. Hata chuma kisicho cha vita kinakata, na kidonda chake kinaweza kuleta pepopunda.
- Uliza watu watatu wasiokaa pamoja. Mmoja wao awe mwanamke. Mmoja awe wa upande ambao wewe si wake.
- Tenganisha ulichoona na ulichoambiwa. «Lori limeungua kichwa» umeona. «Lilichomwa na fulani» umeambiwa. Kama hujui, usiandike.
- Funika namba ya gari, na usionyeshe mabaki ya mtu. Kuna mama anayeweza kuyatambua.
- Piga picha tatu angalau: moja ya mbali inayoonyesha mahali, moja ya chombo kizima, moja ya karibu. Asubuhi na jioni ndiyo saa nzuri. Adhuhuri jua linafuta alama za chuma. Andika tarehe na jina la kijiji siku ileile.
- Usichukue kitu. Hata kioo kidogo kina mwenyewe.
- Rudisha picha. Iliyochapwa kwenye karatasi ni bora, kwa sababu simu huibiwa na moto huisha. Wasomee waliokueleza maneno uliyoandika kabla hujayatuma popote.

Neno la mwisho

Kule Asmara, nchini Eritrea, kuna uwanja mzima wa vifaru na malori ya vita vya miaka thelathini, vilivyokwisha mwaka 1991. Vimepangwa juu kwa juu, na wageni huenda kutazama. Sisi vyuma vyetu vimetawanyika kila kijiji, na hatuhitaji mgeni kuja kutueleza. Wenye habari zake wako hai. Wengine ni wazee sana, na hawatangoja.

Kwa hiyo msianze na kamera. Tafuteni kwanza nyumba ya nne kutoka barabarani, mpige hodi.



Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika kijiji chenu kuna gari, boti au jengo gani lililoachwa ambalo watu hulitaja wakigombana? Mmesikia habari zake kutoka kwa nani?
2. Je, umewahi kutuma picha au ujumbe ambao baadaye uliona si kweli? Ulifanya nini?
3. Mjane na mama wa kijana waliamua lori liuzwe. Je, ninyi mngeliacha libaki? Kwa nini?
4. Nani katika kikundi chenu anaweza kwenda kuuliza upande wa pili bila hatari? Mtamsaidiaje?